Aliyekuja kwa Bibi Kila Asubuhi

Mwaka 1954 nilikuwa darasa la tatu, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia uwanja na kwenda kumsalimu bibi. Mbili za kwanza nilizifanya.

Bibi, mama yake baba, alikaa katika nyumba ndogo nyuma ya jiko letu, hapa Ilula. Zamani nilipenda kuota moto kwake huku nikitafuna mbegu za maboga alizokaanga. Halafu macho yake yakaingia weupe, akawa haoni. Kila nilipomsalimu alinipapasa uso kwa vidole vyake vikavu, taratibu, kuanzia paji mpaka kidevu, kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Nasema kweli, nilimwogopa bibi yangu mwenyewe.

Kwa hiyo tangu mavuno nilikuwa nakwenda mpaka nyuma ya kihenge cha mahindi, hatua chache tu kutoka mlangoni kwake. Nilisimama kidogo juu ya mabua makavu, kisha nikarudi.

“Verediana, umemsalimu bibi?” mama aliuliza.

“Ndiyo, mama.”

Uongo ukiuzoea huwa mwepesi mdomoni. Lakini siku moja ya Juni mama akaniambia, “Bibi yako amefurahi. Anasema unakwenda kwake kila asubuhi, hukosi hata siku moja.”

Kama si mimi, nani alikuwa anakwenda?

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito, hata paa la jiko halikuonekana. Nilisimama mahali pangu kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikatega sikio. Ndani ya nyumba bibi alisalimu kwa Kihehe, kwa upole:

“Kamwene, mjukuu wangu. Ingia basi. Mikono yako imepoa, njoo uote moto.”

Nilichungulia. Mlango ulikuwa wazi, na mlangoni hapakuwa na mtu.

“Haya,” bibi akasema. “Nitangoja.”

Nilitimua mbio. Njiani nilimkuta rafiki yangu Lea, nikamsimulia yote. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

“Kuna kitu kinavaa sura yako,” alinong'ona. “Na bibi yako anakifuga.”

Lea hakuwa mtu wa kutunza siri. Jumapili, watu walipotoka kanisani, waliipita nyumba yetu wakishika upande wa pili wa njia. Mama yake Lea alimkataza mwanawe kunywa hata maji kwetu. Mchana baba mkubwa Kasian, kaka yake baba, akaja na uamuzi.

“Mama ahamie kibanda cha shambani,” alisema. “Akae mbali na watoto. Chakula atapelekewa.”

Baba yangu, Filemoni, aliinamisha kichwa. Kaka akisema, mdogo husikiliza. Mimi nilikijua kibanda kile. Tulikitumia kulinda mahindi yasiliwe na nyani, nacho hakikuwa na mlango. Kwa baridi ya Juni, bibi asingemaliza mwezi kule. Nikawaza: kitu hicho, kama kipo, kimekalia nafasi niliyoiacha mimi.

“Baba,” nilisema, “sijamsalimu bibi tangu mavuno. Huwa naishia nyuma ya kihenge. Nilimdanganya mama.”

Nilingoja kofi. Badala yake baba alinishika mkono, akaniongoza mpaka kwa bibi. Baba mkubwa alitufuata.

“Mama,” baba aliuliza, “asubuhi huwa unaongea na nani?”

Bibi alicheka. “Macho ndiyo yamekufa, Filemoni. Masikio yangu mazima. Kila asubuhi nasikia miguu ya mtoto ikikanyaga mabua nyuma ya kihenge, halafu kimya. Naongea na huyo. Nilifikiri nikimkaribisha kila siku, siku moja ataingia.”

Kumbe kitu kilichokuwa kinamjia bibi katika ukungu kilikuwa ni mimi.

“Mbona hukumwambia mama?” niliuliza.

“Angekuchapa. Mimi nilisema unakuja. Je, nilidanganya?”

Nilipiga magoti nikamsalimu huku nalia. Vidole vyake vilipita usoni kwangu, na safari hii nilivisogelea.

“Umekonda,” alisema. “Na pua ni ile ile ya babu yako, maskini.”

Baba mkubwa alikohoa, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Habari ya kibanda haikutajwa tena.

“Sikia, mwanangu,” baba alisema tulipotoka. “Bibi hana la ajabu, ana uzee, na sote tunauendea. Salamu moja ya asubuhi humfurahisha kutwa nzima. Kuogopa si kosa. Kosa ni kudanganya, maana uongo wako mdogo ulikaribia kumtoa mama yangu nyumbani kwake.”

Jumatatu nilikaa kwa bibi hata nikachelewa shule. Mwalimu Liberatus alikuwa ananisubiri na fimbo. Ningeweza kusema mtungi ulivunjika kisimani.

“Nilikuwa namsalimu bibi,” nikamwambia.

Alinichapa fimbo moja ya kuchelewa. Kesho yake niliamka mapema zaidi.