Niliandika Aliyoyasema Mume Wangu Usingizini

Nina miaka thelathini na tisa. Ni fundi cherehani hapa Ifakara, na jina langu naomba nibaki nalo mwenyewe. Nimesubiri mpaka mtu mmoja azikwe ndipo niandike haya. Amezikwa. Sasa sina tena kisingizio cha kunyamaza...

Ndugu zangu, mimi sikuibiwa mume wala sikupigwa. Mimi ndiye niliyesaliti!

Mimba yangu ya pili ilipoharibika, usingizi uliniaga. Nilikuwa nalala chali nikisikiliza vyura wa majaruba ya mpunga mpaka jogoo wanawika. Nikaona nisije nikarukwa na akili, nikaanza kuandika hadithi kwenye daftari la shule, halafu naziandika upya kwenye simu na kuzituma kwenye kundi letu la wapenda hadithi. Zilikuwa hadithi za mapenzi tu. Watu walisoma, wakanyamaza.

Pembeni yangu alikuwa amelala mume wangu, Deo. Deo ni mkulima wa mpunga, mtu mpole ambaye maneno yake ya kutwa nzima unaweza kuyatia kwenye kiganja. Lakini usingizini, Deo alikuwa anaongea.

Mwanzoni yalikuwa maneno yasiyoeleweka. Kisha usiku mmoja wa masika, mvua ikipiga bati, alisema wazi kabisa, mikono yake ikibandua kitu shingoni:

"Niachie, Mage! Niachie mwanangu, tutazama wote!"

Mage nilimjua kwa jina tu. Alikuwa binti wa marehemu kaka yake Deo, na alikufa maji akiwa na miaka kumi na minne, kabla mimi sijaolewa. Deo alikuwa anamvusha kwa mtumbwi kwenda shamba la ng'ambo wakati wa mafuriko, mtumbwi ukapinduka. Ukoo mzima uliambiwa kwamba maji yalimchukua mara moja, na kwamba baba yake mdogo hakumwona tena. Siku ya tatu mwili ulikutwa kwenye matete.

Kumbe alimwona... Kumbe Mage alimng'ang'ania shingoni, naye akambandua vidole kimoja kimoja ili apone yeye!

Mke mwema angefanya nini? Angemwamsha. Angempa maji ya kunywa, angemwambia, "Mume wangu, nimesikia, nieleze." Mimi nilifanya nini? Nilinyoosha mkono nikachukua daftari.

Na sikuishia hapo. Nilianza kumuuliza! Ndiyo, jamani, nilimwinamia sikioni akiwa usingizini, nikamnong'oneza, "Amevaa nini?" Akajibu, "Sweta la shule... lina kiraka cha kijani." Nikamuuliza, "Anasema nini?" Akalia. Akasema tu, "Ba'mdogo... Ba'mdogo..."

Asubuhi aliamka macho mekundu, akaniuliza, "Mke wangu, jana niliongea?"

"Hapana," nikamjibu. "Ulilala kama gogo."

Hadithi niliyoitunga kwa maneno yale, nikaituma kwenye kundi sehemu kwa sehemu, iliwaka kama moto wa kiangazi. Nilibadilisha majina nikadhani yametosha. Kundi zima lilikuwa linanisubiri mimi. "Endeleza dada, tunakufa huku!" Mama mmoja wa Kiberege alisema ameunguza wali akiisoma. Sijawahi kusifiwa hivyo maishani mwangu. Nikawa nautamani usiku ufike, nikautamani uchungu wa mume wangu kama mlevi anavyotamani pombe!

Sehemu ya mwisho ilinisumbua. "Ba'mdogo, Ba'mdogo" peke yake niliona haitoshi. Wasomaji walitaka neno la kuwaliza. Basi nikalitunga. Nikamfanya yule binti, kabla hajazama, aseme: "Mwambie mama sina kinyongo naye."

Walilia kweli.

Siku chache baadaye, mchana, nikiwa kwenye cherehani barazani, bodaboda ilisimama. Aliteremka Mama Mage. Alikuwa anaishi Mchombe, na nilimheshimu kama dada yangu mkubwa. Nikainuka.

"Shikamoo dada."

Hakuitikia. Nywele zake zilikuwa zimesukwa nusu, nusu ziko wazi. Mabinti waliokuwa wanamsuka ndio walioisoma hadithi yangu kwa sauti, wenzao wasikie, na jina langu lilikuwa juu yake. Lile sweta lenye kiraka cha kijani alilijua. Kiraka kile alikishona yeye kwa mkono wake.

Deo alikuwa ndani anakula. Alitoka. Mama Mage akamsogelea.

"Shemeji, ni kweli ulimbandua?"

Nilitaka ardhi inimeze. Deo alinigeukia mimi kwanza. Alivyoniangalia, alikuwa ameshaelewa kila kitu. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi.

"Ni kweli, shemeji. Nilimbandua."

Nilitegemea mayowe, laana... Lakini yule mama alikaa kwenye kigoda, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mdogo wangu, niambie kitu kimoja tu. Yale maneno ya mwisho aliyasema? Asubuhi ile nilimchapa. Alikuwa hataki kwenda shamba, aliogopa maji. Nikamchapa, akaenda analia. Miaka yote hii sijalala usingizi wa maana. Kweli alisema hana kinyongo?"

Jamani! Ningejibu nini? Wewe unayesoma, ungejibu nini?

"Ndiyo, dada," nikasema. "Alisema."

Akalia kwa sauti, akanikumbatia, akanishukuru. Alinishukuru mimi! Deo alikuwa bado amepiga magoti, amesikia kila neno.

Jioni ile alikunja nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea. Nilimshika miguu nikamwomba msamaha. Aliongea taratibu, kama kawaida yake.

"Mage aliniita mimi tu mpaka maji yakamziba. Hilo ndilo alilosema. Umenichukulia hata hilo."

Akaenda Mlimba. Sokoni watu walikuwa wameanza kumnyooshea vidole, mtu aliyeua damu yake. Nasikia huko anabeba magunia ya mpunga, na usiku anakaa nje ya chumba chake, kwa sababu anaogopa kulala karibu na masikio ya watu. Simu zangu hapokei.

Mama Mage aliishi miaka miwili tena. Kila nilipoonana naye aliniambia, "Siku hizi nalala, mdogo wangu. Nalala kama mtoto." Mara ngapi nilifungua mdomo nimwambie ukweli? Mara ngapi niliufunga? Mwaka huu, baada ya Pasaka, alilala na hakuamka. Walioosha mwili wanasema uso wake ulikuwa umetulia.

Deo alikuja kuzika. Alichukua koleo, akafukia mpaka mwisho, hakumpisha mtu. Kisha akanawa mikono, akapita mbele yangu kama anayepita mbele ya mti, akarudi Mlimba.

Daftari nimelichoma. Kwenye kundi nimejitoa, ingawa bado wapo wanaonitafuta niwaendelezee. Silali. Nikisinzia kidogo kwenye cherehani, namsikia binti ambaye sikuwahi kumwona, analitamka lile neno nililomtungia, kwa sauti isiyo yake... kana kwamba nimemlazimisha.

Sijui kama ule uongo ulikuwa dhambi au huruma. Padri nilimwambia, lakini swali hilo bado ninalo.

Ninyi mnaoandika, nawasihi: andikeni ndoto zenu wenyewe, hata zikiwa mbaya. Na wewe unayelala na mtu anayeweweseka, usimsikilize kwa uchu wa kujua. Mtikise bega. Mwite jina lake. Mwamshe, ndugu yangu... mwamshe!