Nani Atamshika Shami?

Asubuhi moja ya mwaka 1992, Donatille alikuwa akikaanga maandazi nyumbani kwake, mtaa wa Rwezamenyo. Shami, binti yake wa miaka minne, akapanda ukuta wa jirani. Loo, mtoto huyo na kupanda! Akaanguka, na mkono ukavimba papo hapo.

Mama mkwe wa Donatille, Bibi Pudentienne, hakungoja. Alijifunga kitenge, wote watatu wakaenda hospitali. Daktari akasema mkono upigwe picha ya eksirei.

Chumba cha picha kilikuwa na mtaalamu mmoja, Aurore. Akamwuliza Donatille, "Mama, una mimba?"

Donatille akamtazama mama mkwe. Alikuwa na mimba ya miezi miwili, na hakuwa amemwambia mtu. Mimba mbili zilimtoka baada ya kuzitangaza, na watu walisema, walisema! Safari hii aliapa kunyamaza mpaka tumbo lijiseme lenyewe.

"Hapana," akajibu.

"Basi utamshika mtoto atulie. Akitikisika, picha itaharibika na itabidi turudie. Vaa aproni hii. Ni nzito, ina madini ya risasi."

"Mimi ya nini, Muganga? Anayepigwa picha si mtoto?"

"Ukimwaga maji juu ya jiwe, hayakurukii miguuni? Mionzi nayo ni hivyo. Inafika kwa mtoto, mingine inatawanyika pembeni. Ni kidogo, lakini asiye na kazi humu atoke. Na mwenye mimba hamshiki mgonjwa, hata akivaa aproni."

Shami akalia, "Mama, nishike!" Maskini Donatille, amwache huyu, au amhatarishe yule wa tumboni?

"Mama, mshike wewe," akamwambia mama mkwe.

"Yewe! Mzazi gani anamkimbia mtoto wake akilia?"

Donatille alitamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yakamtoka. "Mama, nina mimba. Niliogopa kusema."

Bibi akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Ihangane, vumilia, mwanangu. Uliniogopa hata mimi?" Akamgeukia Aurore. "Nivike hiyo aproni."

Aurore akamvika. Akamfunika Shami kifua na tumbo kwa kipande kingine cha risasi, kisha akaubana mwanga wa mashine uangukie mkono tu. Donatille akasubiri nje, mlango umefungwa, akimsikia Bibi akimbembeleza mjukuu. Picha moja ikatosha. Mfupa ulikuwa na ufa mdogo, wakaufunga plasta.

"Nilikosea kukuuliza mbele ya watu," Aurore akamwambia taratibu. "Lakini siku nyingine usifiche. Ukiona haya, ninong'oneze. Siri ya mgonjwa haitoki hapa."

Njiani, kwenye mwinuko, Donatille akainama ili ambebe Shami mgongoni. Bibi akamsogeza kando. "Huyu niachie. Wewe una wako wa kubeba."

Miezi saba baadaye, uchungu ulipomshika Donatille, mtu wa kwanza kumwita alikuwa mama mkwe wake. Akazaliwa Ihirwe, mzima wa afya, mwenye sauti ya kuamsha Rwezamenyo nzima.