Kilomita Elfu Kumi na Tano

Nyamvula alikata roho saa tisa kasorobo mchana, kando ya barabara ya Kiembeni, ndani ya gari lililokuwa limetumwa kumwokoa. Mtoto alikufa naye tumboni. Gari lenyewe lilikuwa ambulensi ya zahanati ya uzazi ya Bi Kulthum kule Utange, na injini yake ilikuwa imekwama kabisa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Septemba, mwaka 1993. Kufikia Ijumaa adhuhuri, dereva Kalama alikuwa amekwisha kulala seli usiku mmoja.

Kesi ilionekana nyepesi. Bi Kulthum alikuwa akitumia oili ya sintetiki, aliyoletewa na kaka yake kutoka ng'ambo. Mkebe ulieleza waziwazi: badilisha kila kilomita elfu kumi na tano. Lakini fundi wa karakana ya polisi alipoifungua ile injini, alikuta oili ya kawaida iliyoungua na kuganda kama uji wa jana. Aliyekuwa akikabidhiwa mikebe aipeleke gereji ni Kalama. Basi Kalama ameiuza oili nzuri, akatia ya bei rahisi, mama wa watu akafa. Jumatatu atapelekwa mahakamani, na mnyonge hana haki.

Inspekta Kaviha hakupenda kesi nyepesi. Wenzake walimwita Kobe, naye hakukasirika, maana kobe hufika. Jumamosi asubuhi alimtoa Kalama seli, akampa kiti na kikombe cha chai.

"Oili ilitiwa na nani?"

"Mzee Mbarak, bwana. Yule fundi wa Mishomoroni. Mimi nilimfikishia mikebe tu."

"Ulimwona akiitia?"

"Sikumwona. Nilikwenda kunywa chai, kama siku zote."

"Wewe hupimi oili?"

"Kila asubuhi. Kipimo kilikuwa sawa, lakini ilikuwa nyeusi ti, nzito. Nikamwambia Bi Kulthum. Akasema oili za siku hizi zikiwa nyeusi ndiyo zafanya kazi, nisiiguse mpaka elfu sabini na mbili. Na kadi ya gari yasema hivyo hivyo."

"Gari lilipokwama ulifanya nini?"

Kalama alikiweka kikombe chini.

"Nilikimbia barabarani kusimamisha magari. Niliporudi, yule mama alinishika mkono. Akaniuliza, 'Tumefika?' Nikamwambia tumefika."

Kaviha alifunga daftari lake. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na alikwisha kusikia uongo wa kila rangi. Huu haukuwa mmojawapo.

Kutoka hapo alikwenda Utange. Bi Kulthum alikuwa amevimba macho kwa kulia, lakini alimpokea kwa adabu na kumtolea daftari la safari za ambulensi.

"Mimi nilifuata maandishi," alisema. "Wallahi, Inspekta, sikubana matumizi. Ile ndiyo oili bora kuliko zote."

"Fundi wako aliikubali?"

"Mzee Mbarak? Alibisha mno! Ati hakuna oili ipitayo elfu tatu. Nikamsomea mkebe palepale gerejini, neno kwa neno. Watu wakacheka, naye akanyamaza."

"Yuko wapi sasa?"

"Alikwenda Hija mwezi wa tano, kisha akapitia Maskati kwa bintiye. Amerudi jana, alhamdulillahi."

Ambulensi ilikuwa imeegeshwa kwenye uwanja wa kituo. Kaviha alivua koti, akatandika gunia na kuingia chini yake. Askari wawili walitazamana wakacheka kichinichini.

Kadi iliyofungwa kwa uzi karibu na injini ilionyesha kwamba tangu oili mpya ianze, imetiwa mara mbili tu: gari lilipofika elfu arubaini na mbili, na tena elfu hamsini na saba. Lakini nati ya kumwagia oili haikuwa nati iliyofunguliwa mara mbili. Pembe zake zote zilikuwa zimelika kwa spana. Kaviha akaifuta filta kwa kitambaa. Ubavuni palikuwa na tarakimu zilizokwaruzwa kwa msumari: 62,140.

Akafungua daftari la safari. Gari lilifikisha kilomita hizo tarehe kumi na moja Mei. Siku lilipokwama, lilikuwa limefika elfu sabini na moja na mia tatu.

Alimwita yule fundi wa karakana. "Oili ya kawaida, injini kuukuu kama hii, vumbi la huku. Huvumilia kilomita ngapi?"

"Elfu tatu. Tano ukibahatika, afande."

"Hii imekwenda elfu tisa."

"Basi ilikuwa imekufa zamani."

Kaviha aliendelea kulala pale chini akifikiri. Mwizi wa oili huiba akaenda zake. Ni mwizi gani huyu aliyekuwa akirudi kuibadilisha kila mara, tena kwa filta mpya? Mtu huyu alikuwa akiilea ile injini. Kisha, mwezi wa tano, akaacha.

Jumapili asubuhi nyumba ya Mzee Mbarak huko Mishomoroni ilikuwa imejaa watu waliokuja kumpa mkono wa Hija. Mzee alikaa barazani kwa kanzu mpya, akiwagawia tende na maji ya zamzam. Alipomwona Kaviha, alisogea ampishe mahali pa kukaa.

"Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba, mwanangu. Karibu tende."

Kaviha alikula tende moja, akashukuru. "Nina swali la injini, mzee. Twende gerejini, tusiwasumbue wageni."

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba. Kaviha aliiweka ile filta, aliyoifungua kwenye ambulensi, juu ya meza ya kazi, tarakimu zikiwa juu.

"Mwandiko wa nani huu?"

Mzee alipitisha kidole juu ya tarakimu. "Wangu."

"Kadi haina kilomita hizi."

"Haina."

"Oili ya Bi Kulthum iko wapi?"

Mzee Mbarak alikwenda pembeni, akafunua turubai. Mikebe minne ilikuwa imepangwa vizuri, haijafunguliwa hata mmoja.

"Hata tone sikuuza," alisema. "Mimi si mwizi, Inspekta."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza."

Mzee alikaa juu ya tairi kuukuu, bila kuijali kanzu yake mpya.

"Natia oili tangu enzi za mkoloni. Kila elfu tatu. Nikisikia injini, najua yataka nini, kama mama ajuavyo kilio cha mwanawe. Kisha ukaja mkebe. Mkebe! Wasema elfu kumi na tano, na mimi naambiwa nyamaza, mbele ya vijana, wakanicheka. Niliona haya, na niliogopa pia, kwa kweli. Nilijua ile injini itakufa. Basi nikatia oili niijuayo, na kila gari lilipokuja kutiwa grisi nikaibadilisha kimyakimya, kwa pesa zangu. Nilisema baada ya miaka miwili nitampelekea Kulthum mikebe yake, nimwambie: tazama, injini yako nzima, na ni kwa mkono wangu."

"Ukasafiri."

"Nikasafiri."

"Hukumwambia mtu?"

"Mtu akienda Hija huaga na kuomba radhi. Nilizunguka nyumba zote. Kwa Kulthum nalikwenda, nikamwambia, nisamehe nilipokukosea. Akanijibu, nimekusamehe duniani na akhera. Hakuniuliza ni wapi, nami sikumtajia. Nikaona mzigo nimeutua."

"Na gari likabaki na oili yako na kadi inayofuata mkebe."

Mzee alifunika uso. "Nilidhani nitarudi mwezi wa saba. Kule Maskati nikaugua. Nimefika Ijumaa naambiwa Nyamvula amekufa, Kalama yuko ndani. Nikajiambia nitakwenda kituoni jioni. Jioni wageni wakajaa, wananiita Alhaji. Nikasema kesho."

"Kesho ni mahakama, mzee."

"Najua. Ngoja nivae viatu."

Kaviha alimhurumia, na alimkasirikia pia, vyote kwa pamoja. Hakumfunga pingu. Walipita katikati ya wageni, mzee akawaambia waendelee kula tende, wasimsubiri.

Kituoni Mzee Mbarak alieleza tena yote mwanzo hadi mwisho, Kaviha akaandika, na mzee akatia sahihi. Kisha Kalama akatolewa seli. Alisimama mlangoni bila mshipi, ameshika viatu mkononi, akamwona mzee.

"Shikamoo, Mzee Mbarak."

"Usiniamkie, mwanangu. Ni mimi nilotia oili ile ya kawaida, nikaondoka bila kumwambia mtu. Mama yule amekufa kwa mkono wangu, na wewe umefungwa badala yangu."

Kalama alimtazama kama asiyesikia vizuri. Kila mtu pale ndani alingoja atukane. Badala yake alikaa kwenye benchi, karibu na yule mzee, akaanza kulia kwa sauti.

"Ungeniambia tu, mzee," alisema. "Ningeibadilisha mimi. Ningelala chini ya gari, nifungue nati moja, basi."