Mlango wa Jikoni kwa Mzee Daigle

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha nyuma. Ya pili iling'oa kioo cha pembeni.

"Lala chini, Mheshimiwa!"

Ajenti Colm Geraghty alikanyaga mafuta. Pikapu ya Ford F-150 ikaserereka juu ya barafu, ikakaa sawa. Nyuma yao pikipiki mbili za theluji zilikuwa zinakata shamba la viazi kwa kasi.

Alitoa bastola ya Glock dirishani, akafyatua mara tatu.

Dereva wa kwanza aliruka, akaangukia shingo. Hakuinuka. Wa pili akageuza, akapotelea msituni.

Redio ikakoroma. "Bundi, hapa Kiota. Vipi mzigo?"

"Mzima. Unalalamika."

"Nalalamika kwa sababu unaendesha kama mlevi," mzigo ukajibu kutoka chini ya kiti.

Mzigo ulikuwa Seneta Armande Cyr, bibi wa miaka sitini na tisa, mjumbe wa Bunge la jimbo la Maine. Alikuwa amegombea mara tisa. Mbili alibwagwa, na moja alishinda kwa kura kumi na moja tu. Kesho saa nne asubuhi Seneti ya jimbo ingepigia kura muswada wa kukagua maghala ya viazi kando ya mto wa mpakani, ambako genge la Voss lilificha bunduki ndani ya mapipa. Kumi na saba waliutaka, kumi na saba waliukataa. Yeye ndiye wa thelathini na tano.

Akifa leo, bunduki zinapita.

"Tunarudi," Geraghty alisema.

"Haturudi ng'o. Mzee Onésime Daigle kanipigia simu, anataka kuniona."

"Mpiga kura wako?"

"Wangu? Mwaka wa ishirini na mbili huu ananinyima! Lakini ni mtu wa huku kwangu, na kaniita."

Nyumba ya Daigle ilizungukwa na theluji ya kufika kiunoni. Njia ya kwenda mlango wa mbele ilikuwa imefagiliwa vizuri na kumwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Geraghty akaipenda. Akashika kitasa cha gari.

Bibi akamdaka mkono.

"Mwanangu, umezaliwa wapi?"

"Boston."

"Ndiyo maana. Huku mlango wa mbele hufunguliwa jeneza likitoka. Chaguzi tisa nimebisha kila nyumba ya bonde hili, zote jikoni. Tazama njia ya jikoni: hata unyayo mmoja hakuna. Aliyefagia pale si mtu wa huku. Ananingoja mimi."

Geraghty akaachia kitasa. Kidogo ampeleke mtegoni mwenyewe, amemshika mkono.

Akampa bunduki ya Remington. "Unaijua?"

Bibi akamtazama kwa dharau, akaikoki.

Geraghty alijikokota kwenye theluji hadi nyuma. Teke moja, mlango wa jikoni ukaruka.

Mzee Daigle alikuwa amefungwa kitini, damu mdomoni. Kando yake jitu lenye kisu. Jitu likarusha mkono. Kisu kikamchana Geraghty bega. Akanyakua kikaango cha chuma jikoni, akalipiga usoni mara mbili. Meno yakamwagika sakafuni.

Sebuleni Voss mwenyewe aligeuka kutoka mlango wa mbele, bunduki ya MP5 mkononi. Mvua ya risasi ikachakaza kabati. Geraghty alilala chini, akafyatua mara moja.

Voss akakaa chini taratibu, tundu juu ya jicho.

Nje, Remington ikanguruma. Muungurumo wa pikipiki ya theluji ukakatika.

"Wa pili karudi!" bibi alipaza sauti. "Basi, hatarudi tena!"

Aliingia kwa mlango wa jikoni, akakung'uta viatu. Akamfungua mzee kamba na kumfuta damu kwa aproni.

"Walinishikia kisu, Armande. Nikakupigia."

"Najua."

"Novemba bado sikupi kura."

"Sikuja kuomba, mkaidi wewe." Machozi yalikuwa yanamtoka.

Redio ikaita. Geraghty akaibonyeza. "Mzigo mzima. Kesho saa nne atakuwa kitini kwake."

Kisha akamshika Voss miguu. "Huyu nimtoe kwa mlango gani?"

Wazee wawili wakanyoosha vidole pamoja, kuelekea mlango wa mbele.

Geraghty akaufungua, akamburuta nje juu ya chumvi yake mwenyewe, akaendelea hadi garini bila kugeuka nyuma.