Ufunguo wa Waliobaki

Wendelin, mkaguzi wa ofisi ya hataza, haki za kumiliki uvumbuzi, alikuwa ameandika kwamba kazi ya mwanamke anayempenda haistahili hataza. Hakujua kwamba ni kazi ya mpenzi wake.

Walikutana kwenye foleni ya mkate wa nyama, stesheni kuu ya Munich. Roswitha, koti jekundu la mvua, nywele zikichuruzika maji, alipata mkate wa mwisho, akaumega. "Shika nusu, kaka mrefu. Usininunie." Miezi ikapita, na ufunguo wa nyumba ya Roswitha ukahamia mfukoni mwa Wendelin. Kazi hawakuizungumza. Ya Wendelin ilikuwa ya siri, ya Roswitha ilikuwa "mambo ya kompyuta."

Hadi asubuhi ya shauri, kampuni pinzani ikitaka hataza moja ifutwe; faili lilitaja kampuni tu, si jina la mvumbuzi. Wendelin aliketi na wenzake wawili wa jopo, mezani kuna uvumbuzi wa mawasiliano ya siri ya kikundi: mmoja akitoka, ufunguo wa kusomea ujumbe unabadilika kwa waliobaki, na aliyetoka hasomi tena. Maoni yake ya awali yalikwisha kusambazwa: fundi yeyote wa kawaida aliyesoma maandiko mawili ya zamani angelifikia jambo hilo. Mlango ukafunguka, mvumbuzi akaingia na wakili wake. Koti jekundu.

Angeweza kunyamaza. Akasimama.

"Najitoa. Mvumbuzi huyu ni mpenzi wangu."

Wakili wa kampuni pinzani akaacha kuandika.

Jioni ufunguo wake ulikataa kuingia mlangoni kwa Roswitha. Akapiga simu.

"Umetoka kikundini," Roswitha akasema. "Nimebadilisha."

"Rosi, niliandika kabla sijajua ni yako."

"Kitendawili kikishateguliwa kila mtu ni mjuzi. Wewe ungekitegua?"

Wendelin akafikiri. "Mimi, hapana. Fundi aliyesoma yale maandiko mawili ya zamani, ndiyo."

"Basi nidanganye, hata kidogo."

"Siwezi, mpenzi."

Simu ikakatwa.

Jopo jipya likaamua kama maoni ya Wendelin: haistahili hataza. Siku chache baadaye, kwenye foleni ileile, mtu akamsukumia nusu mkate.

"Kila mtu ananiambia nimeonewa," Roswitha akasema. "Wewe tu hukusema. Sasa nikitaka kujua kama nimependeza, nimuulize nani mwingine?"

"Umelowa kama paka."

Akacheka, akamtia ufunguo mpya kiganjani.

Hataza ilifutwa. Wendelin alitolewa kwenye kitengo cha mawasiliano, akahamishiwa kukagua hataza za mashine za kufulia. Fundi wa kitasa walimlipa nusu kwa nusu.