Kitufe Kisicho na Vumbi

Saa nane na dakika kumi mchana, daktari wa wodi ya wazazi aliingia maabara mwenyewe kufuata majibu ya damu aliyoyasubiri tangu saa tano. Aliyakuta kwenye skrini ya kompyuta, hayajatumwa. Mgonjwa wake alikuwa ameshakata roho.

Hazikupita dakika ishirini, lawama zote zikamwangukia karani wa maabara.

"Kompyuta imeganda, yeye anakunywa chai!" alifoka mganga mkuu. "Kesho simtaki hapa."

Mkaguzi wa mitambo, waliyemtania kwa jina la Bi Kwanini, aliamini kuwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Akavuta kiti karibu na karani.

"Chai ulikunywa muda gani?"

"Dakika kumi, dada. Niliporudi nikaona majibu kwenye skrini, nikajua yameshakwenda. Inatuma yenyewe. Sisi haturuhusiwi kuigusa."

Bi Kwanini aliinama. Saa ya pembeni mwa skrini ilikuwa inakwenda. Feni ilikuwa imetulia, na programu iliyokwama kwa kuzunguka pale pale huifanya ivume. Basi hii haikuganda, ilikuwa inasubiri. Kibodi nzima ilikuwa na vumbi, isipokuwa kitufe kimoja cha Enta. Akakibonyeza. Majibu yakaenda wodini papo hapo, kwa mtu asiyeyahitaji tena.

"Nani hukaa hapa?"

"Mzee tu. Mwezi huu hajakosa hata siku moja. Leo ndiyo aliomba ruhusa saa nne."

Bi Kwanini akaondoa mkono kwenye kibodi. Mzee huyo, aliyeitunga programu ile, alikuwa mjomba wake, aliyemlea na kumfundisha kazi.

Saa kumi mjomba alirudi. Bi Kwanini alimkalisha mbele ya skrini, mganga mkuu na karani wakiwa wamesimama nyuma.

"Mjomba, nisomee mstari wa mwisho wa programu yako."

Mzee akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Tuma majibu wodini," alisema bila kusita.

"Nimeubadilisha, mjomba. Nimeandika, 'Nisamehe, mjomba.'"

Mzee akajiondoa kwenye kioo.

"Herufi zinanikimbia, mwanangu," alisema. "Nikaiamuru programu isubiri. Isitume kitu mpaka nishike lenzi ya kukuza herufi, nisome, nibonyeze. Zamani niliyakagua majibu yakipita; sasa niliogopa kupitisha kosa. Niliogopa zaidi kustaafishwa."

"Mbona leo hukumwachia karani abonyeze?"

"Angeuliza kwa nini."

"Na saa tano ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa macho."

Mganga mkuu akatazama chini. Karani alikuwa analia, na uchungu ule haukuwa wa kazi yake tena. Bi Kwanini alitoa karatasi ya ripoti, lakini kalamu akaiweka mezani.

"Andika yote," mjomba alimwambia. "Mtoto wa watu hana kosa, na yule mama amekufa kwa aibu yangu. Ila pale pa kusaini pachore mstari mnene, mwanangu, nipaone."