Kizibao cha Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule, Sindano alimtungia bibi yake uzi kwenye cherehani. Jina hilo la utani alipewa na bibi mwenyewe, maana macho yake ya miaka kumi na miwili yaliliona tundu la sindano ambalo bibi hakuliona tena. Kisha aliweka sikio kifuani pa bibi. Mle ndani mlisikika mvumo mdogo usiokatika.

"Inashona?" bibi aliuliza.

"Inashona, Bibi."

Moyo wa bibi ulikuwa dhaifu, na miezi mitano iliyopita madaktari walimwekea pampu ndogo ya kuusaidia kusukuma damu. Waya mwembamba ulitoka tumboni hadi kwenye mfuko wa betri, uliofungwa kiunoni kwa mkanda mpana.

Asubuhi ya siku ya kliniki, bibi aliinama kukanyaga cherehani. Mfuko ukateleza, ukavuta waya. Bibi akauma mdomo. Sindano akaona doa la njano kwenye gauni.

"Bibi, hapo pana kidonda!"

"Mkwaruzo tu. Usinitangazie huko kliniki. Wakinilaza, gauni la bibi harusi atashona nani?"

"Lakini si wewe uliyenifundisha kuwa mficha maradhi kifo humuumbua?"

"Methali zako peleka shuleni."

Kliniki walimkuta dereva mstaafu, naye ana pampu kama ya bibi. "Muuguzi, betri nzito! Mto wa jana ulikuwa mgumu! Na juzi nilikohoa mara mbili!" Muuguzi alitabasamu, akaandika yote.

Zamu ya bibi ikafika. "Sijambo, mwanangu. Bandeji nimeshabadilisha nyumbani, usijisumbue."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. Sindano alitazama sakafu. Angesema, angemwudhi bibi. Angenyamaza, je, ule mvumo ukikatika?

"Bibi, nisamehe," alisema, kisha akamgeukia muuguzi. "Kidonda chake kinatoa maji. Mfuko unateleza akishona."

Daktari aliitwa, akafungua bandeji. Ngozi ilikuwa nyekundu, na usaha ulikuwa umeanza.

"Mmewahi," daktari alisema. "Mngekawia, vijidudu vingefuata waya mpaka kwenye pampu. Mama, mbona hukusema?"

"Nilidhani mkanda ndivyo ulivyo. Mbona dereva umemkaa?"

"Ulikatwa kwa kipimo cha watu kama yeye. Wagonjwa wangu wengi wa pampu ni wanaume. Wanawake ni wachache, na wengi huja wamechelewa, wakisema ni uchovu wa kazi tu. Hata wewe ulisema hivyo mwaka mzima kabla ya kuwekewa pampu."

Bibi alitazama mkanda, akaanza kucheka. "Miaka arobaini napunguza na kupanua nguo za watu, halafu mimi mwenyewe nimevaa kisichonikaa!"

Alilazwa siku sita, akapewa dawa. Siku ya tatu aliagiza chaki na mkasi. Akiwa kitandani alikata na kushona kwa mkono kizibao chenye mifuko miwili ya betri mbavuni, na njia ya kitambaa ya kulaza waya usivutwe. Daktari alikikagua, akakikubali, akaomba viwili zaidi kwa wagonjwa wengine wanawake.

"Na mimi je?" dereva aliuliza.

"Panga foleni, baba. Wewe umeshasikika."

Waliporudi nyumbani, Sindano alitunga uzi. Gauni la bibi harusi lilikuwa limebakiza pindo tu.

"Bibi, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika siku moja. Ya pili nikakumbuka: fundi humshukuru anayemwonyesha mshono uliofumuka kabla nguo haijavaliwa." Akamvuta karibu. "Siri ya zawadi itunze, mjukuu wangu. Siri ya maradhi mpelekee anayeweza kuyatibu, hata kama mgonjwa atanuna. Na mimi nikiumwa, nitasema."

Sindano akaweka sikio juu ya kizibao kipya.

"Inashona?"

"Inashona, Bibi."